Akili Mnemba Kwenye Kaunta ya Spea: Anza na Mtu Anayesimama Hapo

Hapa Biryogo, Kigali, spea ni kazi ya mtaa mzima. Anayetafuta pedi za breki, shokapu au plagi za gari lililotembea miaka mingi, awe ametoka Nyabugogo au Rusizi, mara nyingi huja kutuona sisi. Nasimamia kaunta ya duka moja la spea, na akili mnemba imekuwa sehemu ya kazi yetu ya kila siku: inasoma namba kwenye picha za spea, inatafsiri ujumbe wa wateja wa Bukavu na Bujumbura, na inaandaa majibu ya WhatsApp.

Wenye maduka wenzangu huniuliza tunatumia programu gani. Programu zipo tele, na simu ya kawaida inatosha. Kinachotaka akili ni kuitafutia nafasi yake katika kazi, isimchoshe muuzaji wala kumlaza macho. Huu ndio utaratibu ninaoufuata.

1. Itazame kazi kabla ya kuleta chochote

Chagua saa ambayo duka limejaa, ukae pembeni na karatasi. Kaunta yetu tayari ina mashine ya risiti, ile EBM ambayo Mamlaka ya Mapato ya Rwanda ilianza kuileta madukani mwaka 2013. Ina simu ya malipo ya MoMo, simu ya WhatsApp na daftari la madeni. Mbele yake amesimama mteja mwenye spea kuukuu mkononi, na nje fundi anaita. Andika ni nini kinachoshika macho ya muuzaji, nini kinashika mikono, nini kinashika masikio, na kazi inakwama wapi.

Waulize wauzaji wenyewe pia, kwa maana wao ndio wanaoumia. Kwetu walitaja mambo mawili: kusoma namba zilizofutika, na kujibu ujumbe ule ule mara nyingi. Hayo tuliipa mashine. Bei, mkopo na kumtuliza mteja aliyekasirika tuliyaacha kwa watu.

Elimu ya kuipanga kazi hivi ipo tangu zamani. Mpolandi Wojciech Jastrzębowski aliipa jina la ergonomia mwaka 1857, na msingi wake haujabadilika: kazi ipangwe kufuata mwili na akili ya mtu anayeifanya.

2. Weka simu panapoufaa mwili

Simu ikilazwa juu ya kaunta, muuzaji anainama kutwa na jioni shingo inauma. Isimamishe kwenye kishikio, urefu wa mkono mmoja kutoka usoni, chini kidogo ya macho. Mwanga wa barabarani uje kutoka ubavuni, usipige kioo. Kuza maandishi. Weka kitambaa karibu, maana mikono ya spea ina grisi. Kuongea na simu badala ya kuandika kunafaa asubuhi palipo kimya. Gereji za jirani zikianza kugonga, mashine husikia maneno ambayo hayajasemwa. Weka na kiti kirefu, mtu akae anapojibu ujumbe. Kila baada ya dakika 20, macho yatazame kitu cha mbali, kama mita 6, kwa sekunde 20.

3. Mtu aseme kwanza, mashine ifuate

Ukichukua hatua moja tu katika makala haya, chukua hii.

Namba nyingi za spea za Toyota zina sehemu mbili zenye tarakimu au herufi tano tano. Ile ya kwanza hueleza aina ya spea. 04465 ni pedi za breki za mbele. 04466 ni za nyuma. Sasa fikiria boksi lililosuguliwa na safari, tarakimu ya mwisho imefifia nusu. Mashine inaandika "pedi za nyuma" bila kusita. Muuzaji akilisoma jibu hilo kabla ya kutazama boksi, macho yake yataiona 6 hata pale penye 5, kwa sababu ameshaambiwa. Hivyo ndivyo binadamu tulivyo, na ukali wa bosi hauwezi kutubadilisha. Kinachosaidia ni mpangilio.

Kwetu muuzaji anashika spea, anaisoma namba kwa sauti na kuiandika kwenye karatasi. Hapo ndipo anapopiga picha. Majibu yakilingana, anakwenda rafuni. Yakitofautiana, hakuna anayeshinda papo hapo: tunatafuta kwa namba ya chasisi, kisha tunaweka spea mpya kando ya kuukuu na kulinganisha umbo, matundu na unene. Mteja wa Rusizi akifika kwake na pedi zisizoingia, amepoteza siku nzima na nauli. Na breki ni uhai wa watu.

4. Itake mashine ikiri pasiposomeka

Maagizo tunayoipa yameandikwa mara moja na hutumika kila siku: itaje namba tarakimu baada ya tarakimu, iweke alama ya kuuliza pasiposomeka, isikisie. Tumeipa pia orodha ya majina ya mtaani, kwa kuwa mteja wa Bukavu huandika "plakete" na wa Dar huandika "pedi za breki". Jibu la WhatsApp halitumwi mpaka mtu alisome. Kwenye kadi ya gari, jina la mwenyewe hufunikwa kabla ya kadi kupigwa picha. Sheria ya Rwanda namba 058/2021 inalinda taarifa binafsi kama hizo, na heshima ya mteja inatosha kuwa sababu.

5. Linda ujuzi wa watu

Mwaka 1983 mwanasaikolojia Mwingereza Lisanne Bainbridge alionyesha jambo zito: mashine ikichukua kazi rahisi, mtu anaachiwa zile ngumu, na huku anakosa mazoezi ya kuzimudu. Kwa hiyo kijana mgeni kwetu hujifunza kwanza kwa mzee wa kaunta, spea mkononi. Simu anaonyeshwa baadaye. Na kila wiki kuna asubuhi moja tunayouza bila mashine.

6. Andika makosa bila kumkata mtu mshahara

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila spea inayorudishwa tunaiandikia sababu: boksi lilifutika, mwanga ulikuwa mbaya, mashine ilikosea, au foleni ilikuwa ndefu. Muuzaji akijua atakatwa, ataficha, na kosa litarudi kesho.

Wenye maduka, nawaomba pia: dakika ambazo mashine imeziokoa msizigeuze kuwa wateja zaidi wa kuhudumiwa kwa kasi ile ile ya kukimbizana. Ziacheni zitumike kukagua.

Baada ya mwezi, jiulize mambo matatu. Spea zinazorudishwa zimepungua? Wauzaji wanamaliza siku bila kulalamikia shingo na macho? Duka linauza vizuri hata simu ikizimwa? Palipo na "hapana", hamisha mashine, badilisha maagizo yake au iondoe katika kazi hiyo. Muuzaji asilazimishwe kujikunja ili mashine ikae vizuri.