Somo la Mwezi Huu: Kompyuta Ikikwama Kwenye Kugawa Diski



Tangu Microsoft imalize huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wenye kompyuta za zamani wanatuuliza jinsi ya kuweka Linux au Windows nyingine. Kazi huanza vizuri, halafu hukwama kwenye kugawa diski. Hapa Katito kikundi kimoja kilifuta sehemu isiyofaa, na hesabu za mikopo zikaenda zote. Bahati yao, mweka hazina alikuwa bado anaandika kwa kalamu.

Diski ni kama shamba lililogawanywa, na mwanzoni mwake kuna ramani ya mipaka. Ramani ni aina mbili. MBR ni ya zamani, ilianza 1983. Inaruhusu vipande vikuu 4 tu na haipiti terabaiti 2. GPT ni mpya zaidi. Katika Windows inaruhusu vipande 128.

Kwanza kabisa: Nakilini hesabu zenu kwenye flashi nyingine, kisha zifungueni kwenye kompyuta nyingine. Zisipofunguka, bado hamjanakili.

Shida ya 1: Windows inasema diski ni ya MBR, inakataa. Kompyuta imewashwa kwa njia ya UEFI, ambayo Windows huitakia GPT. Kama ni Windows 10, zimeni na kuwasha tena, mfungue orodha ya kuwashia (nyingi ni F12 au F9). Flashi ikionekana mara mbili, chagueni ile isiyo na neno UEFI. Windows 11 imetengenezwa kwa UEFI, hivyo inataka GPT. Njia ya kawaida ya kubadilisha ni kufuta vipande vyote, na kila kitu hupotea.

Shida ya 2: Nafasi ipo lakini haitumiki. Kwenye MBR, huenda vipande vikuu 4 vimekwisha. Ondoeni kimoja mlichokwisha kunakili, mahali pake mtengeneze kipande cha kubeba vingine ndani yake.

Shida ya 3: Zinaonekana diski mbili. Moja yaweza kuwa flashi yenyewe! Someni ukubwa, msibahatishe.

Diski isipoonekana kabisa, msikimbilie kununua nyingine. Zimeni, chomoeni umeme, mkaze waya wa diski.

Maswali ya kujadiliana
1. Hesabu za kikundi chetu ziko mahali pangapi?
2. Ni nani atasoma ukubwa wa kipande kwa sauti kabla mwenzake hajabonyeza palipoandikwa Delete?

Kumbukumbu la Torati 19:14 hutuonya tusisogeze mpaka wa jirani. Hata mipaka ya diski tuiguse kwa adabu, kwa maana ndani yake mna akiba ya mama mboga na karo ya watoto. Haraka haraka haina baraka.