Gari Likimisi: Ya Kufanya na ya Kutofanya Kabla Hujakwenda kwa Fundi

Injini ya silinda nne ikimisi, yaani ikifanya kazi kwa tatu, hutetemeka, hukosa nguvu na hunywa mafuta. Wengi wakishaona hivyo hukimbilia Kariakoo kununua plagi nne, koili na waya. Wakirudi na kufunga, gari linatetemeka vilevile. Hakuna aliyejua ni silinda ipi imelala.

KABLA YA KUTOA HELA

*Fanya*

Tafuta silinda mbovu. Kwenye gari lenye koili juu ya kila plagi, kama IST au Probox, zima injini, chomoa soketi ya koili moja, washa, sikiliza kidogo, zima tena. Rudisha hiyo, nenda ya pili. Mlio ukiharibika zaidi, silinda hiyo ni nzima. Usipobadilika, umeipata.

Sasa hamishia koili yake silinda ya jirani. Ugonjwa ukihama nayo, koili imekufa. Usipohama, hamisha plagi. Kipimo hiki ni bure. Fundi asiyekifanya anachezea hela yako bahati nasibu.

Corolla 100 ina distibyuta badala ya koili juu ya kila plagi. Fungua kofia yake, tazama nyufa na vidole vilivyoungua, kagua na rota. Usiku, injini ikiwa inanguruma, tazama waya za plagi bila kuzigusa. Cheche za buluu zikiruka nje, waya umetoboka.

*Usifanye*

Usichomoe waya wa plagi kwa mkono injini ikiwaka. Humo mna volti zaidi ya 20,000. Umeme ukinyimwa njia ya plagi hutafuta nyingine, na iliyo karibu ni wewe.

Usisingizie mafuta. Uchakachuaji ulikuwepo kweli, ndiyo maana mamlaka ya udhibiti, EWURA, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010. Lakini petroli mbovu haichagui silinda namba tatu ikaziacha nyingine.

PLAGI IKIWA MKONONI

*Fanya*

Isome. Masizi makavu meusi: petroli inazidi au moto ni dhaifu. Imelowa petroli: haichomi kabisa. Oili kwenye ncha: ringi au sili za valvu, na hapo bei rahisi imekwisha.

Oili ikiwa juu, kwenye kaure na ndani ya shimo la plagi, ni habari nyingine. Mpira wa kava ya tapeti umekauka, oili inajaa shimoni, inalainisha mpira wa koili mpaka umeme unavuja pembeni. Nimeona dereva wa teksi akifunga koili ya tatu kwenye shimo lilelile lililojaa oili. Badilisha mpira kwanza, kausha shimo, ndipo ufunge koili.

Anza kufunga plagi kwa vidole, injini ikiwa imepoa. Ikikataa kuingia, itoe uanze upya.

*Usifanye*

Usiilazimishe kwa spana. Silinda hedi ni alumini. Nyuzi zikiliwa, unampelekea mchonga vyuma kazi ambayo hukupaswa kuwa nayo.

Usichomoe waya zote za distibyuta kwa pamoja. Toa mmoja, rudisha mmoja. Mpangilio wa moto wa Corolla 100 ni 1-3-4-2, na ukiukosea gari litapiga milipuko kwenye ekzozi au lisiwake kabisa, kisha utaambiwa distibyuta imekufa.

Usisugue plagi ya iridiamu kwa msasa. Ncha yake ni nyembamba mno. Umeiua.

DUKANI

*Fanya*

Beba ya zamani, linganisha namba herufi kwa herufi. Dai risiti ya mashine ya EFD, na mkubaliane kurudisha kabla hujalipa. Koili ya mtumba ya Denso isiyo na ufa naichukua kabla ya koili mpya yenye boksi zuri lisilo na jina.

*Usifanye*

Usinunue plagi kwa kuangalia boksi. Itoe. Nyuzi zenye makwaruzo, maandishi yaliyofifia, washa inayodondoka yenyewe: feki. Anayekuuzia plagi ya NGK kwa nusu ya bei ya jirani yake hakupendi kuliko jirani.

MAJI NA TAA

*Fanya*

Masika, barabara ya Jangwani ikijaa maji, zunguka. Ukishalowesha injini, toa koili, kausha mashimo, usubiri.

Taa ya injini ikiwaka na kuzimika mfululizo huku gari linamisi, egesha. Petroli isiyoungua inakwenda kuungulia kwenye masega, kile kichujio cha moshi ndani ya ekzozi, na masega yakiyeyuka utakumbuka bei ya plagi kwa uchungu.

*Usifanye*

Usiruhusu kijana wa kuosha magari apige injini kwa maji ya presha. Vumbi la nje haliui injini.

Usikubali kukatwa masega eti gari lipate kuvuta. Yana madini ya thamani ndani, na yana wanunuzi. Anayekushauri anawajua.