Kidole Tumbo Kikipasuka: Matundu Madogo au Kufungua Tumbo?

Daktari akisema kidole tumbo cha mgonjwa wenu kimepasuka, ndugu wengi siku hizi huuliza, "Hamwezi kumfanyia ile ya matundu?" Mna haki kabisa ya kuuliza. Ila lipo swali linalotangulia: ataingia chumba cha upasuaji saa ngapi?

Kidole tumbo kikiziba huvimba, damu hukifikia kwa shida, na mwishowe ukuta wake huoza na kutoboka. Mara nyingi maumivu huanzia karibu na kitovu, kisha huhamia chini upande wa kulia, pamoja na kutapika, homa na kukosa hamu ya kula. Jihadharini sana na nafuu ya ghafla. Kikipasuka, maumivu huweza kupungua kwa muda, nyumbani mkamshukuru Mungu, kumbe usaha unasambaa. Baadaye tumbo lote huuma na kukakamaa kama ubao. Msilikande, msimpe dawa ya kuharisha, wala msimlazimishe kula. Mpelekeni hospitali saa hiyohiyo.

Njia mbili, kazi moja

Kwa njia zote mbili daktari hukata kidole tumbo, hufyonza usaha na kusafisha. Kinachotofautiana ni namna anavyofika ndani.

Katika upasuaji wa kufungua, hupasua chini kulia, au katikati ya tumbo ikiwa usaha umeenea. Ni njia inayopatikana katika hospitali nyingi, hata za wilaya. Udhaifu wake mkubwa ni kidonda, kwa kuwa usaha hukigusa wakati wa kutoka. Ndiyo maana wakati mwingine daktari huacha ngozi bila kushonwa kwa siku kadhaa, kidonda kikawa kinasafishwa kila siku. Ndugu hushtuka wakikiona wazi, wakadhani mgonjwa wao ametelekezwa. Hajatelekezwa: kidonda kikifungwa mapema, uchafu hubaki ndani.

Upasuaji wa matundu ulianza kutumika kwa kidole tumbo mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa mikono ya Kurt Semm, daktari wa wanawake wa Kiel, Ujerumani. Kwa kawaida matundu huwa matatu. Tumbo hujazwa gesi ya kaboni dioksidi, kamera huingizwa, na daktari hufanya kazi akitazama skrini. Kidonda hupata maambukizi kwa nadra zaidi, maumivu hupungua, na mgonjwa hurudi kazini mapema. Lakini lazima apewe nusu kaputi, na vifaa na ujuzi wake haviko kila mahali. Bega likimuuma siku moja au mbili, ni ile gesi.

Jipu ndani ya tumbo linaweza kutokea baada ya njia yoyote. Tafiti za zamani zilionyesha kwamba hutokea zaidi baada ya matundu. Za karibuni zinaonyesha tofauti ndogo, au hakuna, daktari akiwa mzoefu. Na akianza kwa matundu kisha akafungua tumbo, msimlaumu. Ameona hatari, akachagua usalama.

Wapo wagonjwa ambao usaha wao umejikusanya mahali pamoja. Hao huenda wakatolewa usaha na kupewa antibiotiki kwanza. Juni 1902 Mfalme Edward VII wa Uingereza alitolewa jipu la namna hiyo siku mbili kabla ya kutawazwa. Sherehe ikasogezwa hadi Agosti, naye akapona.

Mchague ipi?

Ikiwa matundu yanapatikana palepale, daktari ameizoea njia hiyo na mgonjwa yuko imara, tunaipendekeza. Ikiwa ni lazima asafirishwe mji mwingine au asubiri hadi kesho, kubalini afunguliwe hapo mlipo. Usaha hausubiri gari wala kibali cha bima. Shinikizo la damu likiwa limeshuka sana, kufungua mara nyingi ndiko salama zaidi.

Akirudi nyumbani, amalize antibiotiki alizopewa na atembee kidogo kila siku. Homa ikirudi, tumbo likijaa, akitapika, akishindwa kutoa choo na hewa, akiharisha kamasi, au kidonda kikivuja usaha, mrudisheni hospitali, hata kama ni usiku wa manane.