Somo kwa Vyama vya Msingi: Lishe ya Binti Anayekua na Gunia la Akiba

Shabaha ya somo

Somo hili lisomwe na katibu mbele ya wanachama, wake kwa waume, pamoja na binti zao wenye umri wa miaka 10 hadi 19. Mwisho wa somo kila kaya iweze kueleza mahitaji ya binti anayekua, na iamue ni kiasi gani cha mavuno kibaki nyumbani kabla ya mengine kupelekwa mizanini.

Hali ilivyo

Wakulima wa Mikumi na Kilosa si watu wa ardhi kame. Ruhembe na Kidodi hustawi miwa. Kwingineko hulimwa mahindi, mpunga, ufuta, mbaazi na kunde. Ilonga, karibu na mji wa Kilosa, kipo kituo cha utafiti wa kilimo ambacho kwa miaka mingi kimeshughulikia mbegu za mahindi na za jamii ya kunde. Hata hivyo, wingi wa mazao shambani si ushahidi wa lishe bora jikoni. Aghalabu mbaazi huuzwa hadi punje ya mwisho, na fedha zikiisha kaya hubaki na ugali na kitoweo haba. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wanawake 42 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu.

Kwa nini binti?

Binti hukua upesi, na juu ya hayo hupoteza damu kila mwezi. Wataalamu hukadiria kwamba msichana wa miaka 14 hadi 18 anahitaji miligramu 15 za madini ya chuma kwa siku, hali mvulana wa umri huo anahitaji 11. Lakini mgawo wa nyumbani mara nyingi huwa kinyume: firigisi na maini huwekewa baba, minofu hupewa wavulana, na binti aliyepika hula mwisho, akaambulia mchuzi.

Dalili za upungufu wa damu ni uchovu, kizunguzungu, moyo kwenda mbio, na weupe wa viganja na wa ndani ya kope. Wazazi wengi huziita uvivu. Kipimo cha kituo cha afya ndicho kitoacho hakika: kwa msichana asiye mjamzito mwenye umri wa miaka 12 au zaidi, damu ikiwa chini ya gramu 12 kwa desilita, ana upungufu. Akishika mimba katika hali hiyo, damu itakayomtoka wakati wa kujifungua, ambayo mwenzake angeistahimili, yaweza kumwua.

Mambo ya kumfundisha binti

(a) Nyama, maini na dagaa hutoa madini ya chuma ambayo mwili huyapokea kwa urahisi. Kunde, mbaazi, maharage, mchicha na matembele nayo yanayo, ila hupokewa kwa shida zaidi.

(b) Chungwa, pera, papai au maji ya limau pamoja na mlo husaidia mwili kuyapokea madini hayo. Chai huyazuia, basi isinywewe pamoja na chakula, bali yapata saa moja baadaye.

(c) Unga wa dona una virutubisho vingi kuliko sembe. Mboga za majani zitiwe mafuta kidogo ili mwili upokee vitamini A. Chumvi iwe yenye madini joto.

(d) Safura na malaria hupunguza damu. Choo, viatu na chandarua ni sehemu ya somo hili.

(e) Binti mwenye dalili apelekwe kituo cha afya. Chakula peke yake hakitoshi kumponya aliyekwisha kupungukiwa sana.

Hesabu ya gunia

Kaya ya watu sita ikipika nusu kilo ya kunde au mbaazi mara nne kwa wiki, itatumia kilo 2 kwa wiki. Kwa wiki 52 ni kilo 104, yaani gunia moja la kilo 100 na ziada kidogo. Gunia hilo likiuzwa wakati wa mavuno, bei huwa ya chini; kunde hizo hizo zikinunuliwa dukani wakati wa masika, bei huwa imepanda. Basi hata kwa hesabu ya fedha tupu, gunia la akiba si hasara.

Wajibu wa chama

Elimu kwa wanachama na kuijali jamii ni miongoni mwa misingi saba ya ushirika iliyothibitishwa na Muungano wa Kimataifa wa Ushirika mwaka 1995. Wala jambo hili si geni nchini: mwaka 1975 kampeni ya Chakula ni Uhai ilifundishwa kwa vikundi vilivyosikiliza redio na kujadiliana. Katibu amwalike mwuguzi na mwalimu. Makungwi nao waalikwe, kwa kuwa neno la kungwi kwa mwali husikika kuliko la mgeni.

Maswali ya majadiliano

1. Katika nyumba zetu, nani hupakuliwa kwanza na nani mwisho?

2. Msimu uliopita, kila kaya ilibakiza kilo ngapi za kunde au mbaazi?

3. Ni nani nyumbani huamua kiasi cha kuuza? Je, mama hushauriwa?

4. Chama kitafanyaje ili msimu ujao kila mwanachama atenge gunia la akiba kabla ya kupima?

Majibu ya swali la nne yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano, na yasomwe tena siku ya kufungua ghala.