Somo la Mwezi: Dawa za Mifugo, Aina Zake, Nguvu Zake na Namna ya Kuzitoa

Madhumuni ya somo: Kumwezesha katibu wa chama na wanachama kuichagua dawa inayofaa, kuisoma lebo yake, kukokotoa kipimo na kuitunza dawa ghalani.

Katika uwanda wa kati, kuanzia Kondoa hadi Mpwapwa na kutoka Kongwa hadi Manyoni, ng'ombe ni akiba ya familia, ni nguvu ya kulimia, na ni mahari. Elimu ya tiba ya mifugo si ngeni katika sehemu hizi, kwani kituo cha uchunguzi wa mifugo cha Mpwapwa kilianzishwa mwaka 1905. Hata hivyo, mnyama huweza kufa akiwa amekwisha kupigwa sindano, kwa sababu dawa aliyopewa haikuwa ya ugonjwa wake au kipimo chake hakikutosha. Fedha ya mwanachama huwa imepotea, na ng'ombe pia.

1. Aina za dawa

Dawa hugawanywa kwa kufuata kile zinachopambana nacho.

(a) Viuavijasumu, kama oksitetrasaiklini, huua au kudhoofisha bakteria. Haviponyi magonjwa ya virusi, kama vile mdondo wa kuku au ugonjwa wa miguu na midomo.

(b) Dawa za vijidudu vya damu. Diminazini hutibu nagana, inayoenezwa na mbung'o, na pia ugonjwa wa mkojo mwekundu. Buparvakoni hutibu ndigana kali.

(c) Dawa za minyoo, kama albendazoli. Ivermektini huua minyoo ya tumboni pamoja na baadhi ya wadudu wa ngozi.

(d) Dawa za kuogeshea, kama amitrazi, huua kupe.

(e) Chanjo. Hizi hazitibu bali hukinga, nazo hupewa mnyama mzima kabla ugonjwa haujaingia.

Mfano wa umuhimu wa mgawanyo huu ni ndigana. Ndigana baridi hutibiwa kwa oksitetrasaiklini. Ndigana kali huhitaji buparvakoni, nayo itolewe mapema. Anayesema "ng'ombe ana ndigana" bila kueleza ni ipi hajampa muuza dawa habari ya kutosha. Kwa hiyo afisa mifugo aitwe kwanza, dawa inunuliwe baadaye.

2. Muundo na nguvu ya dawa

Kilichomo ndani ya chupa si dawa tupu. Kuna kiini kinachotibu, na kuna maji, mafuta au unga unaokibeba. Lebo hueleza kiini ni kiasi gani. Oksitetrasaiklini ya asilimia 10 ina miligramu 100 za kiini katika kila mililita. Ile ya asilimia 20 ina miligramu 200. Ya asilimia 20 inayokaa muda mrefu hufanya kazi mwilini kwa muda wa siku tatu hivi kwa sindano moja, ilhali ile ya asilimia 10 hurudiwa kila siku kama lebo inavyoagiza.

Katibu anayelinganisha bei za chupa hizo mbili bila kusoma asilimia huweza kudhani amenunua rahisi, kumbe amenunua nusu ya dawa. Bei ilinganishwe kwa tiba ya mnyama mmoja hadi apone, wala si kwa chupa.

Dawa za maji ya kunywesha zitikiswe kabla ya kupimwa, maana kiini hutuama chini. Dawa za unga wa sindano zichanganywe na maji maalumu ya sindano. Maji ya kisima, ambayo sehemu nyingi za Dodoma yana chumvi, hayafai kwa kazi hiyo.

3. Kipimo

Kipimo hutegemea uzito wa mnyama. Pasipo mizani, utumike utepe wa kupimia kifua, unaozungushwa nyuma ya miguu ya mbele.

Mfano wa kwanza: Oksitetrasaiklini ya asilimia 20 hutolewa mililita 1 kwa kila kilo 10. Ng'ombe wa kilo 200 atapewa mililita 20, nazo zigawanywe pande mbili za shingo.

Mfano wa pili: Paketi ya diminazini ya gramu 2.36 ina gramu 1.05 za kiini. Kipimo ni miligramu 3.5 kwa kilo, kwa hiyo paketi hiyo hutosha ng'ombe mmoja wa kilo 300. Mfugaji mwenye maksai wawili wa uzito huo akigawa paketi moja, kila mmoja amepata nusu. Vijidudu dhaifu vitakufa, vyenye nguvu vitabaki na kuzaana, na safari ijayo hata paketi nzima huenda isifae kitu. Hasara hiyo haimwishii yeye, kwani mbung'o huvichukua vijidudu hivyo na kuvipeleka katika zizi la jirani.

Josho nalo hufuata kanuni hiyo hiyo. Kama lebo inaagiza lita 1 ya dawa kwa lita 1,000 za maji, josho la lita 12,000 linahitaji lita 12. Josho lililopunguzwa dawa hulea kupe sugu.

4. Njia ya kutoa

Dawa hupitia mdomoni, katika msuli, chini ya ngozi, katika mshipa wa damu, au juu ya ngozi. Lebo huagiza njia, na njia isibadilishwe. Ivermektini ya sindano huwekwa chini ya ngozi. Buparvakoni huwekwa katika msuli wa shingo. Sindano ya mshipa wa damu ni kazi ya mtaalamu.

Anayemnywesha mnyama asimwinue kichwa kupita kiasi wala kumvuta ulimi, kwani dawa huweza kuingia mapafuni na kumwua. Sindano ikitumika kwa mnyama mmoja isipite kwa mwingine kabla ya kuchemshwa. Punda wasiogeshwe kwa amitrazi, kwa kuwa huwadhuru matumbo. Wenye punda wa kubebea maji walikumbuke jambo hili.

5. Siku za kungoja

Dawa hubaki katika nyama na maziwa kwa muda. Kwa oksitetrasaiklini inayokaa muda mrefu, lebo nyingi huagiza siku 28 kwa nyama na siku 7 kwa maziwa. Mnyama asichinjwe, wala maziwa yake yasinywewe na watoto au kuuzwa, kabla siku hizo hazijatimia.

6. Wajibu wa chama

Chama kinachonunua dawa kwa pamoja kinunue kwa wauzaji wenye kibali, na dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Ghala la bati hupata joto kali wakati wa kiangazi. Dawa ziwekwe mahali penye kivuli na hewa, mbali na mahindi na alizeti. Chanjo nyingi huhitaji ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Makopo matupu ya dawa ya josho yatobolewe na kuteketezwa kwa maelekezo ya afisa mifugo; yasichotewe maji kamwe.

Katibu aweke daftari lenye safu hizi: tarehe, jina la mwanachama, mnyama na uzito wake, ugonjwa, dawa na asilimia yake, kipimo, na tarehe ambayo siku za kungoja zitakwisha. Daftari hilo lisomwe katika mkutano wa wanachama kama hesabu nyingine zinavyosomwa.

Maswali ya majadiliano

1. Ng'ombe wa kilo 250 anahitaji mililita ngapi za oksitetrasaiklini ya asilimia 20?
2. Kwa nini kumpa mnyama nusu ya kipimo ni hasara kwa kijiji kizima?
3. Je, dawa zilizomo katika ghala la chama chetu zimekaguliwa tarehe zake za mwisho? Nani alikagua, na lini?