Akiba ya Aprili Huwekwa Agosti
Kijitabu cha chakula cha dharura kwa familia za Sindo na ufuo wa Suba

Kalenda ya njaa

Kila mwaka, kuanzia Aprili 1 hadi Julai 31, uvuvi wa omena hufungwa kisheria upande wetu wa Ziwa Victoria ili samaki wapate kuzaana. Kwa mkazi wa Sindo hiyo ni miezi minne ambayo taa haziingii ziwani usiku, mama wa omena hana cha kuanika, na mwenye duka anaanza kuuliza deni la zamani litalipwa lini. Mvua ndefu nazo huangukia humo humo. Mahindi ya shambani bado ni majani, na yale ya msimu uliopita yamebaki chini ya gunia au yamekwisha kabisa. Njaa ya huku basi ina tarehe zake, na kitu chenye tarehe hupangiwa.

Juu ya hiyo ya kila mwaka huja ile isiyopiga hodi. Mei 2020 ziwa lilipanda likapita hata kiwango cha mwaka 1964, ambacho wazee wa ufuoni walikuwa wakikisimulia. Maji yakaingia nyumba na mashamba, na mwaka 2024 yakarudi. Mwaka huo huo wa 2020 ugonjwa wa corona ulileta kafyu, na masoko mengi ya wazi nchini yakafungwa. Mapema mwaka 2008, vurugu za baada ya uchaguzi zilifunga barabara za Nyanza, maduka yakakosa bidhaa. Sababu zilikuwa tofauti, lakini ndani ya nyumba swali lilikuwa moja: leo tunapika nini?

Kiasi cha kuanzia

Anza na akiba ya siku 14. Ukifanikiwa, ifikishe mwezi mmoja. Mtu mmoja huhitaji takriban gramu 400 za nafaka kwa siku, gramu 60 za jamii ya maharagwe, gramu 25 za mafuta na gramu 5 za chumvi. Hiki ndicho kipimo kinachokaribiana na mgao wa msaada wa chakula duniani. Si karamu, lakini kinamwezesha mtu kufanya kazi.

Kwa nyumba ya watu sita, siku 14 ni kilo 34 hivi za mahindi au mtama, yaani yapata gorogoro 16. Ongeza kilo 5 za ndengu au maharagwe, lita mbili na nusu za mafuta na pakiti moja ya chumvi. Kwa mwezi mzima ni kilo 72 za nafaka, kwa hiyo gunia la kilo 90 litawatosha zaidi kidogo ya mwezi. Ukitenga gorogoro moja kila siku ya soko kuanzia mwanzo wa Septemba, Krismasi itakukuta na akiba ya wiki mbili bila kuhisi pengo kubwa mfukoni.

Kati ya ndengu na maharagwe, sisi tungekushauri ndengu. Maharagwe yaliyokaa muda mrefu huwa magumu, na wakati wa mvua kuni ni mbichi na makaa ni ghali. Ndengu huiva haraka. Mtoto wa chini ya miezi sita chakula chake ni maziwa ya mama, kwa hiyo mama ndiye wa kulishwa kwanza.

Gunia linalouzwa Januari

Tunazungumzia jambo hili kwa urefu kwa sababu ndilo linalomaliza akiba kuliko fukusi na panya wakiwekwa pamoja. Shule hufunguliwa Januari. Karo inahitajika, sare zinahitajika, na kitu cha kuuzwa kwa haraka ni mahindi. Familia zote zinauza wakati mmoja, bei inaanguka, mchuuzi anajaza lori. Mwezi wa tano familia zile zile zinanunua mahindi hayo hayo kwa gorogoro, kwa bei ya juu, na mara nyingi kwa mkopo. Matanga nayo hayana msimu, na gunia lililo karibu na mlango ndilo la kwanza kupakuliwa.

Hatusemi usilipe karo wala usimzike mtu wako kwa heshima. Tunasema kikao kifanyike mapema, wakati wa mavuno, baba na mama wakae na kukubaliana: magunia haya ni ya kuuza, hili ni la nyumba. La nyumba liwekwe mahali pake, lifungwe, na atakayetaka kuligusa amweleze mwenzake kwanza. Dero, ghala la nafaka la zamani, lilikuwa na adabu ya namna hiyo. Leo magunia yanakaa sebuleni na kila mgeni anayaona.

Chama kinaweza kusaidia pia. Badala ya kugawana pesa zote mwisho wa mwaka, baadhi ya fedha zinunue mahindi ya jumla Agosti, wakati wa mavuno, na kila mwanachama apate lake.

Kabla ya kufunga gunia

Mahindi yenye unyevu huota kuvu, na kuvu wa aina fulani hutoa sumu isiyoondolewa kwa kupika. Mwaka 2004 sumu hiyo, aflatoksini, iliua watu 125 nchini, wengi wao Makueni na Kitui, kwa mahindi waliyoyaweka nyumbani mwao. Karanga nazo ziko hatarini.

Kupima ni rahisi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka vizuri, tia konzi mbili za mahindi na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani, yaanikwe juu ya turubai na si ardhini. Isipoganda, endelea kuyakausha kidogo, kisha uyahifadhi. Ofisa wa kilimo mwenye kipimo atakuambia kama yamefika asilimia 13.5 au chini, ambayo ndiyo salama.

Kwa kuhifadhi, magunia yasiyopitisha hewa ndiyo bora tuliyo nayo. Yana mifuko miwili ya plastiki ndani na gunia la kawaida nje. Funga kila mfuko peke yake, kwa nguvu. Fukusi na yule mdudu anayeitwa osama hufa kwa kukosa hewa, bila dawa yoyote. Usilifungue gunia kwa wiki nne za kwanza, na liweke juu ya mbao, mbali na ukuta. Usiwahi kutia dawa ya kunyunyizia mimea shambani katika mahindi ya kula.

Mavuno yenyewe yakiwa haba kwa sababu ya gugu la kayongo, kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kiko hapo Mbita. Mbinu yao ya vuta-sukuma, ya kupanda desmodiamu kati ya mistari ya mahindi na nyasi za mifugo kuzunguka shamba, hupunguza kayongo na viwavi wanaotoboa bua.

Omena, mihogo na mboga

Nunua omena za akiba Februari na Machi, kabla ziwa halijafungwa. Chagua zilizoanikwa juu ya nyavu zilizoinuliwa, kwa kuwa zile za mchangani hubeba mchanga na uchafu. Omena iliyokauka huvunjika ukiikunja. Inayopinda bado ina maji. Ziweke kwenye ndoo yenye kifuniko kinachobana, na siku ya jua kali zirudishe juani.

Mihogo ni ghala lililo ardhini, ing'oe inapohitajika. Ile michungu ina sumu, lazima ilowekwe na kukaushwa kabla ya kusagwa. Majani ya kunde yaliyochemshwa kidogo na kuanikwa kivulini hukaa miezi. Viazi vitamu vya rangi ya chungwa vinampa mtoto vitamini A, basi shamba dogo la mbegu karibu na maji lisikosekane.

Maji na dawa

Maji ya mafuriko hubeba kipindupindu. Weka mitungi ya lita 20 yenye vifuniko na dawa ya kutibu maji, ukifuata maelekezo ya pakiti, au chemsha hadi maji yatokote kwa dakika nzima. Anayemeza dawa kila siku, iwe ya shinikizo la damu, ya sukari au ARV, aongee na kliniki mapema ili barabara ikikatika asikose dozi.

Nyumba iliyo karibu na ufuo isiweke akiba yote mahali pamoja. Kubaliana na ndugu aliye mlimani, upande wa Gwassi au kwingineko, akuhifadhie nusu. Sikiliza utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa kabla ya Machi na kabla ya Oktoba. Maji yakianza kuingia, watu kwanza, gunia baadaye. Nambari ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199, na kuipiga ni bure. Iandike ukutani leo, mahali ambapo hata mtoto ataisoma.