SOMO LA MWEZI: Jambo Lisiloingia Katika Ajenda



Kila mwisho wa mwezi jumuiya zetu ndogo ndogo hapa Kagio hukutana na kupitia mambo ya mtaa. Orodha tunaijua sote: mtaro ulioziba, nyanya zilizooza sokoni na hazijazolewa, mgonjwa wa kutembelewa, harambee ya karo. Hayo ni mema. Lakini kuna jambo moja ambalo huzungumzwa nje, watu wakishaagana, tena kwa sauti ya chini: "Pale kwa fulani bado wanauza ile kitu." Mwezi huu tunaomba jambo hilo liingie ndani ya mkutano.

Tutafuata hatua tatu tulizozizoea: kuona, kupima na kutenda. Njia hii ilifundishwa na Padri Joseph Cardijn wa Ubelgiji kwa vijana wafanyakazi, na Papa Yohane XXIII aliitaja katika barua yake ya mwaka 1961, Mater et Magistra.

1. KUONA

Mwezi wa Februari 2024, huko Kangai, hapa hapa kaunti yetu ya Kirinyaga, watu 17 walikufa baada ya kunywa pombe haramu. Hawakuwa wa kwanza. Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa katika mitaa ya Mukuru, Nairobi. Mei 2014, zaidi ya 80 walikufa katika kaunti kadhaa, na majirani zetu wa Embu waliumia sana.

Mara nyingi kinachoua katika vifo vya namna hii ni methanoli. Hii ni spiriti ya viwandani, ya kutengenezea rangi na dawa za kusafishia. Haina rangi, na harufu yake inafanana na ya pombe ya kawaida. Mwuzaji huiongeza ili kinywaji kiwe kikali kwa gharama ndogo. Wengine husema ukiiwasha kwa kiberiti utaijua. Msidanganyike: hakuna njia ya kuaminika ya kuipima nyumbani.

Methanoli ikiingia mwilini, ini huigeuza kuwa asidi kali inayoharibu mishipa ya macho na kuzuia mwili kutumia hewa. Hatari ni kwamba mtu anaweza kulala akiwa mzima. Dalili mara nyingi huanza baada ya saa 12 hadi 24: kuumwa na kichwa na tumbo, kutapika, kuona ukungu au giza, kuhema kwa shida. Watu wa nyumbani hudhani ni uchovu wa pombe tu, wanamwacha alale. Hapo ndipo tunampoteza.

2. KUPIMA

Tuna sababu mbili za kunyamaza. Ya kwanza: "Ni mlevi, alijitakia." Ya pili: "Yule mama ni mjane, analisha watoto." Hebu tuzipime kwa Maandiko. Someni Luka 10:25-37. Kuhani na Mlawi hawakumpiga yule msafiri. Kosa lao ni kwamba walimwona wakapita. Kisha someni Mwanzo 4:9, mjiulize swali la Kaini linatuhusu vipi.

Huruma kwa mjane ni njema, lakini je, akina mama watakaobaki wajane kwa sababu ya mtungi wake hatuwahurumii? Na yule kijana wa kubeba makreti ya nyanya tangu alfajiri, akilipwa jioni, ni nani mwingine humkaribisha aketi naye kabla pesa hazijaisha?

Sheria ya vileo ya mwaka 2010 iliruhusu hata chang'aa, ila itengenezwe na kufungwa kwa kufuata sheria. Mtungi wa kichochoroni hauna leseni wala kipimo. Kwa hiyo kunyamaza si upole.

3. KUTENDA

a) Jambo liandikwe. Katibu awe na kitabu cha mtaa: nini kimeonekana, nani atafuatilia, hadi lini. Msiandike uvumi wala majina ya kushuku. Mwezi unaofuata mkutano uanze kwa kusoma ukurasa huo.

b) Anayeuza atembelewe na watu wawili au watatu, kwa heshima, kama tunavyofundishwa katika Mathayo 18:15-17. Msiende mikono mitupu. Chama kiwe tayari kumkopesha mtaji wa kuuza vitunguu au mboga.

c) Mkishuku sumu, msingoje mkutano wala ziara. Siku hiyo hiyo nendeni kwa chifu au polisi, mkiwa kikundi. Msiposikilizwa, pandeni hadi ofisi ya juu yake.

d) Aliyekunywa akaanza kuona giza apelekwe hospitali mara moja, hata usiku, hata kwa boda boda. Maziwa hayasaidii. Msimwongezee pombe wala msimlazimishe kutapika. Mwambieni daktari ukweli, na kama chupa ipo, ibebeni. Hospitalini kuna dawa ya kuzuia sumu, na damu inaweza kusafishwa kwa mashine, lakini kila saa inahesabika. Walionywa pamoja naye watafutwe nao, hata kama bado wako wazima.

e) Mnywaji asitengwe. Lakini aliyezoea kunywa kila siku asilazimishwe kuacha ghafla bila ushauri wa daktari, maana naye anaweza kuugua vibaya.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ni jambo gani la mtaa wetu ambalo sote tunalijua na halijaandikwa?
2. Tunaogopa nini hasa: kuchukiwa, kulipiziwa kisasi, au kufuatwa sisi wenyewe?
3. Vijana wetu wakilipwa jioni, tuna mahali gani pa kuwakaribisha?
4. Ni nani ana simu na nani ana gari la kumfikisha mgonjwa hospitali usiku?

Swali la nne lijibiwe kwa majina kabla ya sala ya kufunga.